Profesa Salimuzzaman Siddiqui na somo la mwarobaini

Mwaka 2004 nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Siku moja, kipindi cha mwisho kabla ya adhuhuri, niliwauliza wanafunzi wa kidato cha sita swali jepesi tu, kwamba dawa zinatoka wapi. Mmoja akajibu zinatoka kiwandani. Mwingine akasema zinatoka India. Wa tatu akasema zinatoka bohari ya dawa, na darasa likacheka.

Nje ya dirisha letu palikuwa na mti wa mwarobaini, na kivuli chake kilikuwa kinaingia mpaka kwenye madawati ya mbele. Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono kwa kusitasita. Akasema kuwa bibi yake, ambaye wanaishi naye Mbagala, huchemsha majani ya mti ule na kuwapa wakipata homa. Darasa likacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha dharau. Binti yule akainamisha kichwa.

Kicheko kile kiliniuma. Niliufunga ule ukurasa wa kitabu na kipindi kizima kilichobaki niliwahadithia habari za mtu mmoja ambaye hawakuwahi kulisikia jina lake. Nina hakika wasomaji wengi wa safu hii nao hawajalisikia, ingawa kwao Pakistan na India ni mtu mashuhuri. Ni marehemu Profesa Salimuzzaman Siddiqui, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1994.

Ndugu msomaji, habari za mtu huyu zinatuhusu. Sisi Waislamu wa mijini tumegawanyika mafungu mawili katika jambo la dawa za asili. Fungu la kwanza linazicheka. Linaona kuwa elimu ya bibi ni ushamba. Fungu la pili linameza kila kitu. Chupa yoyote ikibandikwa karatasi yenye maandishi ya Kiarabu, basi inatibu kisukari, presha, ugumba na husuda, na hakuna anayeuliza ndani mna nini. Siddiqui hakuwa katika fungu lolote kati ya haya mawili. Aliiheshimu elimu ya wazee kiasi cha kuifanyia kazi maisha yake yote, na aliiheshimu pia kiasi cha kuihoji.

Alizaliwa Subeha, mji mdogo usio mbali na Lucknow, kaskazini mwa India, wakati Waingereza wakitawala. Alisoma katika chuo cha Waislamu cha Aligarh na kumaliza mwaka 1919. Wengi watashangaa kusikia kuwa hakusoma kemia huko. Alisoma falsafa na Kifarsi. Lakini tukumbuke kuwa Kifarsi ndiyo lugha ambayo vitabu vingi vya mahakimu wa India viliandikwa, vikiendeleza tiba ambayo Waislamu waliipokea kutoka kwa Wayunani, wakaisahihisha na kuipanua, Ibn Sina akiwa mmoja wa vinara wake. Mpaka leo kule India tiba hiyo huitwa tiba ya Kiyunani.

Mwaka 1920 alikwenda London kusomea udaktari. Hakukaa sana. Mwaka uliofuata alihamia Frankfurt, Ujerumani, na huko ndiko alikoikuta kemia. Alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1927. Na tusidhani kuwa alikuwa mtu wa kujifungia maabara tu. Alikuwa mchoraji hodari, na mwaka 1924 michoro yake ilionyeshwa hadharani hukohuko Frankfurt. Kijana huyu angeweza kabisa kubaki Ulaya akaishi vizuri kwa kemia yake au kwa kalamu yake.

Hapa inabidi nimtaje mtu wa pili, kwani bila yeye habari hii haikamiliki. Ni Hakim Ajmal Khan wa Delhi, aliyezaliwa mwaka 1868 katika ukoo wa mahakimu. Alikuwa tabibu aliyetibu matajiri na masikini, na pia kiongozi mkubwa katika harakati za kudai uhuru. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa chuo kikuu cha Jamia Millia Islamia mwaka 1920, na ndiye mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1921 aliongoza chama cha Congress. Mwaka huohuo chuo chake cha tiba mjini Delhi kilifunguliwa rasmi na Mahatma Gandhi. Katika chuo hicho tiba ya Kiyunani ya Waislamu na tiba ya Ayurveda ya Wahindu zilifundishwa chini ya paa moja.

Hakim Ajmal Khan alirithi elimu ya mababu zake, lakini hakutaka iishie kuwa urithi wa kujivunia. Aliona kuwa dawa zile zikibaki katika vitabu vya kale na vifua vya wazee, bila kupimwa kwa mizani ya elimu ya wakati ule, zitadharauliwa na hatimaye zitakufa. Hivyo alitaka idara ya utafiti ndani ya chuo chake, na akamchagua kijana Siddiqui aiongoze. Kwa qadari ya Mwenyezi Mungu, Hakim alifariki Desemba 1927. Siddiqui aliporudi aliianza kazi mwaka 1928 bila ya mzee aliyemwita. Aliishikilia mpaka mwaka 1940.

Mmea wa kwanza uliompa jina ni ule ambao wataalamu huuita Rauwolfia serpentina. Ni mti mdogo, na mizizi yake ilikuwa ikitumiwa na waganga wa India tangu zamani kwa walioumwa na nyoka, kwa wenye homa, na hasa kwa wagonjwa wa akili. Sehemu nyingine za India watu wa kawaida waliuita kwa jina lenye maana ya dawa ya vichaa. Mtu wa dharau angesema huo ni ushirikina. Mtu wa kumeza kila kitu angesema inatosha, wazee wameshasema. Siddiqui alisema, kwa matendo yake, tuangalie ndani ya mzizi mna nini.

Nitaeleza kidogo namna kazi hiyo inavyofanyika, maana hapa ndipo penye somo. Mzizi hukaushwa na kusagwa. Unga wake hulowekwa katika spiriti, kwa sababu vitu vingi vilivyomo kwenye mimea haviyeyuki vizuri katika maji lakini katika spiriti huyeyuka. Kisha huchujwa, na spiriti hupunguzwa mpaka ibaki uji mzito wenye rangi. Katika uji huo mna mamia ya vitu vimechanganyika: sukari, utomvu, rangi, mafuta, na pengine dawa. Sasa kazi ni kuvitenganisha.

Lipo kundi la vitu viitwavyo alkaloidi. Hivi vina tabia ya besi, kama magadi. Ukitia asidi hafifu, vyenyewe huingia kwenye maji na kuacha mafuta na utomvu nyuma. Ukichuja na kuyarudisha maji yale kuwa na ukali wa magadi, alkaloidi hujitoa. Hapo utazikusanya, utaziyeyusha tena, utaziacha zipoe taratibu, na Mwenyezi Mungu akipenda utaona fuwele zimetulia chini ya chombo. Kueleza ni dakika mbili. Kutenda ni miezi, wakati mwingine miaka.

Mwaka 1931 Siddiqui na mwenzake Rafat Hussain Siddiqui walitangaza kuwa wamepata alkaloidi tano kutoka kwenye mizizi ile. Tatu zilikuwa za fuwele nyeupe na besi yake ni dhaifu. Mbili zilikuwa za njano na besi yake ni kali zaidi. Ile ya kwanza katika zile nyeupe aliita ajmalini, na wenzake wawili wakapewa majina yanayofanana na hilo. Ndugu msomaji, ajmalini ni jina la Hakim Ajmal Khan. Mwanafunzi alikuwa na haki ya kuweka jina lake mwenyewe. Akaweka la mzee wake, ambaye alikuwa ameshalala kaburini na hakuwahi kuziona fuwele zile. Mpaka leo madaktari wa moyo, hasa Ulaya, huitumia ajmalini kumchunguza mtu anayehofiwa kuwa na hitilafu fulani ya siri katika mapigo ya moyo. Kila wanapoitaja dawa hiyo wanamtaja hakimu wa Delhi, wengi wao bila kujua.

Nisije nikatia chumvi. Kitu kilichokuja kuupa umaarufu mkubwa zaidi mzizi ule duniani hakikuwamo katika zile tano. Kiliitwa reserpini, na walikitoa watafiti wa kampuni moja ya dawa mjini Basel, Uswisi, mwaka 1952. Kilitumika sana kwa shinikizo la damu na kwa wagonjwa wa akili, na hivyo kikathibitisha kuwa waganga wa India hawakuwa wakiota ndoto. Watafiti wale walikuwa na kiwanda nyuma yao. Siddiqui alikuwa na chuo cha mahakimu kilichokuwa kikiishi kwa michango. Lakini alikuwa wa mwanzo kuuingiza mzizi ule katika kemia na kutoka na vitu vyenye majina, na hilo haliwezi kufutwa.

Sasa tuje kwenye mwarobaini. Mwaka 1940 Siddiqui aliingia katika baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la India. Mwaka 1942 alichapisha taarifa fupi kuhusu mafuta ya mbegu za mwarobaini, mti ambao asili yake ni kulekule Bara Hindi na ambao huku kwetu pwani tumeupa jina la maradhi arobaini. Kwao kila kijiji kilijua matumizi yake, kuanzia mswaki mpaka vidonda na minyoo. Kilichokuwa hakijulikani ni nini hasa kinachoufanya uwe mchungu vile. Siddiqui alitoa vitu vitatu vichungu katika mafuta yale, akaviita nimbini, nimbinini na nimbidini, kutokana na jina la mti huo katika lugha za kwao.

Watu wengine huona hilo ni jambo dogo. Kwani bibi hakujua kuwa mwarobaini ni mchungu? Alijua. Lakini kujua kuwa ni mchungu si sawa na kuushika uchungu wenyewe mkononi, ukiwa fuwele, ukaupima kwa gramu, ukampelekea mtu aliye mbali naye akapata kitu kilekile. Ukishafika hapo unaweza kuuliza maswali ambayo hapo kabla yalikuwa hayaulizeki. Kiasi gani kinatibu? Kiasi gani kinadhuru? Jani la masika lina sawa na jani la kiangazi? Baada yake watafiti wengi waliufuata mti huo. Mwaka 1968 wanasayansi wa Uingereza walitoa kwenye mbegu zake azadiraktini, kitu kinachowafanya wadudu washindwe kula na kukua, na leo hutengenezewa dawa za mimea.

Mwaka 1951, baada ya Bara Hindi kugawanywa, Siddiqui alihamia Pakistan kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan. Mwaka 1953 alianzisha baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la nchi hiyo. Mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo wanasayansi wengi wakubwa hufa bila kuipata. Alipostaafu mwaka 1966 alikuwa anakaribia miaka 70. Wengi wetu katika umri huo tunatafuta kiti cha kupumzikia barazani. Yeye mwaka uliofuata alianzisha taasisi ya kemia katika Chuo Kikuu cha Karachi, ili kufundisha vijana wa shahada za juu.

Taasisi hiyo ilianza kwa shida ya fedha. Mwaka 1976 mfanyabiashara Latif Ebrahim Jamal alitoa rupia milioni tano kwa ajili yake, na taasisi ikapewa jina la baba yake, Husein Ebrahim Jamal. Jambo hili nawaomba matajiri wetu walifikirie. Tunajenga misikiti, na ni jambo jema lenye thawabu. Tunachimba visima, na ni jambo jema. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kufikiri kuwa maabara ya shule nayo inaweza kuwa sadaka yenye kuendelea? Kutokana na fedha ile, vijana kwa mamia wamefundishwa kuchunguza mimea ya nchi yao, na taasisi ile ipo mpaka leo ikiwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kemia ya mimea katika nchi zinazoendelea.

Siddiqui aliongoza hapo mpaka mwaka 1990, na hata baada ya hapo aliendelea na utafiti katika maabara yake. Alifariki Karachi tarehe 14 Aprili 1994, akiwa na miaka 96.

Mwaka huohuo wa 1994 lilitokea jambo ambalo naliona lina mazingatio. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa kampuni moja ya Marekani pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo, juu ya njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Kitu kinachojulikana na wakulima wa India kikawa na mwenyewe mpya. Watu walipinga, wakaleta ushahidi kuwa njia hiyo ilikuwa ikitumika India kabla ya maombi yale. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Ushindi ulipatikana kwa sababu kulikuwa na watu walioweza kusimama na kuthibitisha. Je, kesi kama hiyo ikitokea juu ya mmea wa Usambara au wa Pemba, sisi tutapeleka nini? Tutasema bibi alisema?

Hapa kwetu hatukukosa mwanzo. Muhimbili ilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Kinachokosekana ni vijana wanaoingia katika elimu hiyo kwa hamu, na hamu hiyo huuawa darasani, siku ile mwanafunzi anapochekwa kwa kumtaja bibi yake.

Narudi kwenye darasa langu. Wiki iliyofuata nilimwomba yule binti amlete bibi yake shuleni. Alikuja amejifunga kanga, na wanafunzi wote walisimama kumwamkia. Nikamwomba atuoneshe anavyotengeneza dawa yake. Alichagua majani machanga, akaacha yaliyokomaa, akatuambia kiasi ni konzi moja kwa sufuria. Tukaipima konzi yake kwenye mizani ya maabara. Kisha kijana mrefu kuliko wote darasani naye akateka konzi yake, tukaipima. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya bibi. Darasa likanyamaza. Hawakuhitaji mwalimu kuwaeleza maana ya kipimo cha dawa. Bibi mwenyewe aliitazama ile mizani kwa muda, kisha akasema kuwa marehemu mama yake alimkataza kabisa kumpa mtoto mchanga dawa ile, na hasa mafuta ya mbegu zake, lakini hakumweleza sababu.

Sababu ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliougua vibaya, ini na ubongo vikadhurika, baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Mama yake bibi hakusoma majarida ya madaktari, lakini alikuwa na elimu. Wanaouza mafuta yale mitaani kwa kila ugonjwa na kila umri hawana elimu ya mama yake bibi, na hawana elimu ya Siddiqui pia.

Siku hiyo tulisaga majani yale tukayaloweka katika spiriti ya hospitali, tukachovya ncha ya karatasi ya kuchujia. Rangi zikapanda kwenye karatasi na kuachana, kijani mahali pake na njano mahali pake. Mwanafunzi mmoja akauliza uchungu uko kwenye rangi ipi. Nikamjibu kuwa vile vichungu alivyovitoa Siddiqui havina rangi, hivyo hatuwezi kuviona kwa njia hii, na kwamba ndiyo maana watu hukesha maabara. Aliyeuliza ndiye yule yule aliyeanza kucheka wiki iliyotangulia.

Tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa yake. Wengi tunaichukulia habari hiyo kama faraja tu kwa mgonjwa. Mimi naiona kuwa ni amri ya kutafuta. Salimuzzaman Siddiqui alitafuta kwa zaidi ya miaka 60, katika mizizi na mbegu ambazo wengine walizikanyaga. Mzazi mwenye kijana anayesoma sayansi, mwulize leo kama anajua bibi yake anatumia mti gani, kwa kiasi gani, na kwa nini. Asipojua, mpeleke kwa bibi na daftari, maana wazee wanaondoka.

Mwenyezi Mungu amrehemu Profesa Siddiqui, amrehemu na Hakim Ajmal Khan, na awazidishie umri mabibi zetu waliobaki. Amin.